Mhudumu na Viazi vya Kliniki

Mhudumu alikuwa hapendi viazi lishe. Naanza na hilo kwa sababu siku ya mazishi yake mtu mmoja alisimama kusoma wasifu, akasema marehemu alivipenda viazi hivyo kwa moyo wake wote, na mimi nikainamisha kichwa nisije nikacheka msibani. Alivipanda, alivigawa, alivitetea mpaka akakosana na nusu ya kijiji. Lakini kuvila, hapana. Alisema vina maji, vinateleza kooni, vina utamu wa kitoto. Yeye alitaka kiazi cheupe kikavu, kile kinachokukaba mpaka uombe maji, na maziwa ya mgando pembeni. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko anamenya chake cheupe, mlango kaurudishia. Hakushtuka.

"Vile ni dawa," akaniambia. "Wewe umeonaga wapi nesi anakula dawa za wagonjwa?"

Jina lake silitaji. Kijiji nacho nimekisogeza kidogo. Tuseme ni upande wa Buswahili, wilaya ya Butiama, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha, mojawapo kubwa, ili mtu asijitambue. Wanaojua wanajua, na ninawaomba wanyamaze. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule mtu anayechaguliwa kwenye mkutano wa hadhara, akapewa semina ya wiki chache, begi la mgongoni na daftari, kisha akaachwa azunguke nyumba kwa nyumba. Kabla ya hapo aliitwa kwa jina la binti yake, kama akina mama wengine wote. Baada ya hapo hata mumewe, kabla hajafariki, alimwita Mhudumu.

Alikuwa mfupi, wa hatua za haraka, na alivaa raba za kiume. Begi hilo la mradi wa lishe halikumtoka mgongoni hata Jumapili. Ukimwona anakata kona kuja kwako unaanza kupanga uongo, maana atauliza. Mtoto kala nini asubuhi? Jana je? Choo kina mlango? Sauti yake ilikuwa ya kugombeza hata akikusalimia. Mama mmoja alimjibu kwamba mwanawe amekunywa uji wa maziwa. Mhudumu akaenda jikoni mwenyewe, akafunua sufuria, akakuta kiporo cha ugali wa udaga, ule unga wa mihogo iliyovundikwa.

"Hii maziwa yako imekaukaga lini?" akauliza.

Yule mama hakumsemesha mwezi mzima. Lakini mtoto alipozidiwa, ni kwa Mhudumu alikokimbilia, na ni Mhudumu aliyempakia kwenye bodaboda mpaka Butiama. Ndivyo alivyokuwa. Nilimpenda na nilimwogopa, na sikumbuki siku ambayo nilikuwa na moja bila la pili. Alikuwa mchoyo wa sukari pia. Chai ya kwake ulikunywa kwa adabu tu.

Sasa nieleze hivi viazi, maana bila kuvieleza huwezi kumwelewa. Mradi ulipoleta marando kwa mara ya kwanza, yaani yale mashina ya kupanda, uliwagawia watu wa aina mbili: akina mama wenye watoto waliokonda, na watu walioanza kumeza dawa za virusi. Nia ilikuwa njema. Walifikiri, wenye shida waanze. Hawakufikiri kwamba kiazi chenye nyama ya rangi ya karoti, ambacho hakijawahi kuonekana kwetu, kitamtangaza mwenye shamba. Hata jani lake lilikuwa na umbo lake, na mtu wa kijijini hapotezwi na jani. Kabla msimu haujaisha vikawa na jina: viazi vya kliniki. Ukionekana navyo, watu hawakuulizi habari za shamba tena, wanakuuliza habari za afya.

Mama yangu alikuwa mmoja wa waliopewa. Nasema kwa ruhusa yake. Nilipomwomba aliendelea kupepeta mchele, halafu akasema, "Andika. Nimeshazeeka, watanifanya nini." Wakati ule alikuwa hajazeeka na walikuwa na mengi ya kumfanya. Alirudi na fungu lake la marando akiwa amelifunga ndani ya kanga kama mtu aliyebeba mtoto, akasubiri njia iwe tupu, akaenda kuyapanda katikati ya mihogo.

Wote walifanya hivyo. Hawakushauriana, kila mmoja alipata akili hiyo peke yake: mihogo ni mirefu, mtu akipita haoni chini. Na viazi vitamu havitaki kivuli. Vilitambaa, vikatoa majani mazuri, ya kijani kabisa, na chini hakuna kitu. Mama alichimba tuta zima akapata mizizi myembamba isiyozidi kidole. Bwana shamba akaja, akachimba hapa na pale, akaandika kwamba mbegu haikuukubali udongo wetu.

Mhudumu alikuwepo siku hiyo. Alisubiri bwana shamba awashe pikipiki, halafu akamgeukia mama.

"Udongo hauna kosa," akasema. "Umevifungia ndani kama mwari, vizae na nani?"

Mama alicheka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu apewe majibu yake. Methali ya mficha uchi hazai, hiyo Mhudumu aliipenda, na aliitumia kwa mambo ambayo siwezi kuyaandika. Lakini ile nyingine, mficha maradhi kifo humuumbua, iliyokuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa zahanati, aliichukia. Kwenye semina walikuwa wakiitaja, yeye anaangalia dirishani. Aliwahi kuniambia kwamba siri ni mali ya mgonjwa, ndiyo mali pekee aliyobaki nayo, na mtu asimnyang'anye kwa methali. "Anataka kuficha, afiche," alisema. "Kazi yetu ni kumtafutia pa kuficha pazuri. Kwenye mihogo si pazuri."

Mahali pazuri alipopaona yeye ni barabarani. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na kipande ambacho mumewe alikuwa akilima pamba, kimepakana na barabara iendayo mnadani na kanisani. Mtu yeyote wa kijiji chetu akienda popote anapita pale. Mvua za vuli zilipoanza alikuja kwetu na kisu cha kuparia samaki, akakata marando kwenye mihogo ya mama, akaenda kuinua matuta makubwa juani, kipande kizima, viazi vya kliniki vitupu. Alikuwa amemsindikiza mama kwenda kupima na akapima naye, kama alivyofanya na kila aliyemsindikiza. Alikuwa mzima. Sisi wawili watatu tulijua hilo. Wengine hawakujua, na yeye hakuwaambia.

Ukipita alikuwa anakuita. Chukua marando, weka vifundo vitatu udongoni, kimoja nje. Tuta likipasuka rudishia udongo, usipofanya hivyo wale wadudu, fukusi, wanaingia. Miezi minne ikifika chimba vyote. Viazi hivi havisubiri ardhini kama vile vyeupe ambavyo bibi zetu walivichimbua kimoja kimoja mpaka kiangazi. Na michembe yake, yaani viazi vya kukausha, ukishakata vipande, anika kivulini, jua linakula ile rangi na rangi ndiyo chakula chenyewe. Hilo la mwisho liliwashinda watu kabisa. Kwetu michembe inaanikwa juu ya mawe, na mawe tunayo mengi, yote yako juani. Alikuwa akipita anaiondoa michembe ya watu kwenye mawe kwa mikono yake mwenyewe, bila kubisha hodi, na alitukanwa kwa hilo zaidi ya mara moja.

Msimu uliofuata mama alipanda matuta mawili barabarani, ng'ambo ya kwa Mhudumu. Kisha jirani mwingine, kisha wengi. Ukimuuliza mtu mbona na wewe umepanda vya kliniki, alikuwa na jibu: ni mbegu ya Mhudumu. Jibu hilo lilitosha. Watoto wa kijiji kizima walikuwa wanakwenda shule na vipande vya njano mfukoni, na hakuna aliyeweza tena kusimama barabarani akahesabu nani anameza dawa na nani hamezi.

Daftari lake lilikuwa limejaa uongo. Mradi ulitaka aandike kila aliyepewa marando na sababu yake. Yeye aliandika sababu moja kwa wote: ana mtoto mdogo. Yule dada wa mradi aliyetoka Musoma siku moja aliweka kidole kwenye jina la bibi mmoja mjane, mwenye mgongo uliopinda.

"Na huyu bibi naye ana mtoto mdogo?"

"Hata Sara alizaa," Mhudumu akajibu, akamwongezea chai isiyo na sukari.

Kiangazi ndicho kilichomtesa. Marando yakikauka hakuna mbegu ya vuli, na kwetu kiangazi kinapasua ardhi. Alikuwa na vitalu vyake nyuma ya bafu, akivimwagilia maji ya kuogea, na maji yalipopungua alianza kuomba ya kwa watu. Alikuwa anakwenda kwenye misiba na ndoo yake, akiisha kulia anakaa karibu na beseni la kunawia mikono. Watu walisema amechanganyikiwa. Kila vuli marando yalikuwepo.

Msiba mmoja siusahau. Alikuwa amefariki mwanamume mwenye jina, watu walitoka mpaka Bunda, na Mhudumu akaleta sufuria kubwa ya viazi vyake vilivyochemshwa. Hiyo ilikuwa mwanzoni, kabla havijazoeleka. Vikapangwa kwenye sinia katikati ya akina mama. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hata mama yangu hakunyoosha, na marando ya matuta yake mawili ya kwanza ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kutambaa. Mhudumu alilitazama lile sinia, akalivuta kwake, akaanza kula. Kimoja, cha pili, cha tatu. Nilijua asivyovipenda. Alikula bila maji, machozi yakimlengalenga kwa kukabwa na kiburi, mpaka bibi mmoja aliyekuwa karibu naye akasema, "Nipe na mimi, utavimbiwa peke yako." Ndipo mikono ikaanza kusogea. Jioni yake alitapika, binti yake aliniambia.

Huyo binti yake alikuwa rafiki yangu. Tulisoma pamoja mpaka kidato cha nne, yeye mzuri, mimi mwenye akili. Ndivyo walivyotugawa walimu na sisi tukakubali. Alichumbiwa na kijana wa Bunda aliyekuwa akinunua mazao huku kwetu. Alimpenda. Si mapenzi ya kusimuliana tu, alimpenda kweli, mpaka akaacha kula akiwa naye. Mhudumu naye alimpenda yule kijana, na kwa kumpenda kwake alimtilia sukari vijiko vitatu.

Kisha akaja shangazi wa kijana kuitazama nyumba, kama ilivyo desturi. Nilikuwa barabarani natoka kuchota maji. Alishuka kwenye bodaboda, kitenge kizuri, akaniuliza nyumba ni ipi nikamwonyesha. Hakuondoka. Alikuwa anayatazama matuta.

"Hivi si ndo vile viazi vinatolewaga kliniki?" akauliza.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya mgongo wake, yalikuwa matuta ya mama yangu, jani lile lile. Sikutaka ageuke.

"Ni vya Mhudumu," nikasema. "Yeye ndo alivianzishaga huku."

"Yeye ndo wa kwanza?"

"Yeye."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia. Binti alikuwa amepika wali na sato wa kutoka Musoma. Shangazi alikunywa maji tu, akasema tumbo linamsumbua.

Wiki haikuisha mshenga akarudi. Upande wa Bunda una wasiwasi, alisema. Binti alikuwa amekwisha kupima na mchumba wake, kama padri anavyowashauri wachumba, na majibu yalikuwa safi. Lakini karatasi ya binti haikuwatosha: mama yake anashinda zahanati, anaweza kuandika karatasi anayoitaka. Wanaomba mama mwenyewe akapime Bunda, kwenye hospitali watakayoitaja wao, alete majibu. Akileta, harusi ipo.

Lilizungumzwa sebuleni kwa Mhudumu, mbele ya mshenga na baba mdogo wa binti. Mama yangu aliitwa kama jirani, mimi nikaja kusaidia kuandaa chakula. Binti alikuwa chumbani, mlango ni pazia. Baba mdogo alisema jambo ni jepesi, kesho aende akapime, yaishe.

Mhudumu aliweka kikombe chake chini.

"Nikipeleka yangu," akasema, "kesho watamuuliza nani ya kwake?"

Hakumtazama mtu. Lakini mama yangu aliinamisha uso, na mimi nilielewa. Kijiji kizima kilikuwa kimejificha nyuma ya viazi vya mtu mmoja. Yeye akijitoa kwa karatasi, kila mwanamke mwenye tuta barabarani angetakiwa kutoa ya kwake.

"Mimi karatasi sipeleki," akasema. "Wanaoa binti, hawaoi damu yangu."

Kutoka nyuma ya pazia haikutoka sauti yoyote. Mama yangu angeweza kusema neno. Angeweza kusema, peleka, dada, sisi tutajitetea wenyewe. Hakusema. Kesho yake alipalilia matuta yake mpaka adhuhuri, mahali pasipokuwa na gugu. Mimi pia ningeweza kumwendea binti nikamwambia nilichomjibu yule shangazi. Nilikuwa na umri wa kujua, tusisingizie utoto. Naona aibu mpaka leo.

Uchumba ukavunjika. Watu wakasema lisemwalo lipo, na tangu hapo kila mtu akawa na hakika kwamba Mhudumu ni mgonjwa. Ajabu ni kwamba hilo lilimsaidia katika kazi yake. Walimwona anavyobeba ndoo, anavyopanda milima kwenda kupima watoto, wakasema kumbe mtu anaweza kumeza dawa na kula viazi hivi akaishi hivyo. Wawili waliokuwa wameacha dawa walirudi. Alinisimulia hilo bila kutabasamu.

Binti aliondoka kwenda Musoma bila kumuaga mama yake. Alijifunza cherehani, akapanga chumba Kamunyonge. Alirudi nyumbani kwenye misiba tu, na akirudi alilala kwetu. Mhudumu alikuwa akija asubuhi na mapema na kikapu cha viazi, anakiweka mlangoni, anaondoka. Binti hakuvigusa. Nilivila mimi, na sikuwahi kula chakula kilichonikaa vibaya kama hicho.

Miaka ikapita. Mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi huku Buhare. Kiangazi kilichopita binti alinipigia simu. "Mama yuko kwangu," akasema, "anakuulizia." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa ya maji kukatika.

Nilikwenda Jumamosi, mchana. Moyo wa Mhudumu ulikuwa umechoka, ndivyo walivyomwambia hospitali. Miguu imevimba, raba hazimwingii tena. Aliketi kwenye godoro ameegemea ukuta, na pembeni yake cherehani na nguo za watu. Binti alimwosha, alimgeuza, alimpikia, yote bila kasoro. Lakini walizungumza kama wapangaji wawili. Kula. Nimeshiba. Meza hii. Nimemeza. Nilisikia baridi ndani ya kile chumba chenye joto.

Binti akatoka kwenda kununua dawa famasi. Nikaona nikisema sasa au nisiseme kabisa.

"Mama," nikasema, "yule shangazi wa Bunda, siku ile. Mimi ndo nilimwambia viazi ni vyako. Nilikuwa namficha mama yangu."

"Najua. Aliniambiaga mwenyewe."

"Alikuambia lini? Si aliondoka siku ile ile?"

Alitazama mlango, kisha akanitazama mimi, akipumua kwa shida.

"Nilienda Bunda," akasema.

Alinisimulia polepole, akipumzika kila baada ya sentensi chache. Wiki mbili baada ya kukataa, aliaga kwamba ana semina. Alipanda basi mpaka Bunda, akaenda kwenye hospitali ile ile waliyoitaka wao, akapima, akapewa karatasi. Safi. Akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nyumbani kwa akina kijana. "Njia nzima nilikuwa nasema Mungu nisamehe, nawauza wenzangu," aliniambia. "Lakini mtoto yangu alikuwa halii. Angekuwa analia ningevumilia."

Walimpokea vizuri, akasema. Walimpikia. Karatasi aliipokea kijana mwenyewe, akaisoma mara mbili, akaikunja, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akamsindikiza mpaka stendi.

"Akaniambia, mama, karatasi yako haina shida. Na ya binti yako haikuwaga na shida. Mimi nina mtu mwingine hapa, ana mimba yangu ya miezi mitano. Shangazi na mama walikuwa wanatafuta namna ya kusema. Viazi walivikuta tu barabarani."

Nitakiri kwamba jambo la kwanza nililosikia moyoni ni nafuu, kwamba haikuwa mimi. La pili ni kuchukia ile nafuu.

"Mbona hukumwambia?" nikauliza.

"Nimwambie nini? Kwamba aliachwa tu? Alikuwa hali, halali, nimwongezee hilo?" Alipumzika. "Mtu akiwa na wa kumlaumu anaamkaga asubuhi anafanya kazi. Nikaona anilaumu mimi. Mimi nimezoea. Ile karatasi niliichoma jikoni."

"Lakini sasa hivi, mama. Miaka yote hii. Sasa hivi angeelewa."

"Sasa hivi ndo angejua alinichukia bure," akasema. "Na mimi nakufa. Atamwomba nani msamaha? Usimwambie. Unanisikia?"

Nikamwambia nimesikia. Akafumba macho, na baada ya muda akauliza kama mvua zimeonekana upande wa nyumbani, na kama kuna mtu anamwagilia vile vitalu. Nikasema mama yangu anamwagilia. Hilo lilikuwa kweli.

Binti alirudi, akamnywesha dawa, akamfuta midomo kwa ncha ya kitambaa, akamlaza upande wa pili. Kisha akatoka kunisindikiza. Tulitembea hatua kadhaa.

"Alikuwa anakuambia nini?" akaniuliza.

"Habari za nyumbani tu. Mvua."

"Sawa." Alikuwa akitembea ametazama chini. "Namuuguza, wewe umeona namuuguza. Lakini kila nikimgeuza pale kitandani nafikiria kitu kimoja. Ilikuwa karatasi moja. Bunda si mbali. Angeenda asubuhi, jioni karudi, saa hizi na mimi ningekuwa na watoto. Alishindwa hata hilo kwa ajili yangu. Ni uongo?"

Alisimama, akanitazama, akisubiri.

"Kweli," nikasema. "Angeenda tu."